Kansa na simu yako: Namna ya kujua taarifa ipi inamhusu mgonjwa wako

Ujumbe wa stafeli labda umeshakufikia. Unasema majani yake yana nguvu mara 10,000 kuliko dawa za kansa za hospitali, kwamba makampuni makubwa yanaificha siri hiyo, na kwamba ukiusambaza utakuwa umeokoa maisha. Wengine wameupata kwa maandishi, wengine kwa sauti ya mtu anayejiita daktari.

Kinachofanya uaminike ni kwamba namba ile haikutoka hewani. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa kemikali kwenye mbegu za stafeli na kuijaribu maabara kwenye seli za saratani ya utumbo mpana. Ikaonekana kali mara 10,000 kuliko dawa moja ya kansa iitwayo Adriamycin.

Mbegu, siyo majani. Seli kwenye kisahani, siyo mtu. Hata jiki ukiimwaga kwenye kisahani kile itaua seli za saratani, na hakuna anayeshauri tuinywe.

Hakuna majaribio kwa binadamu yaliyoonyesha kwamba stafeli linaponya saratani yoyote. Badala yake, mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti kutoka kisiwa cha Guadeloupe uliohusisha ulaji wa tunda hilo na unywaji wa chai ya majani yake na ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaofanana na Parkinson. Stafeli lako la mara moja moja kula tu; shida ni kuligeuza dozi ya kila siku.

Kansa ipi, hatua ipi?

Saratani siyo ugonjwa mmoja. Ziko aina zaidi ya 100, na kila aina ina tabia zake.

Chukua saratani ya titi peke yake. Kuna inayokua kwa kutegemea homoni na isiyotegemea. Kuna yenye protini ya HER2 kwa wingi na isiyo nayo. Wanawake wawili wenye vitanda jirani wodini wanaweza kupewa dawa tofauti kabisa, na wote wakawa wanatibiwa sawasawa. Hapo bado hatujagusa hatua ya ugonjwa, ya kwanza hadi ya nne, ambayo inaweza kubadilisha mpango mzima.

Kwa hiyo andiko linalosema tu "inatibu kansa", bila kutaja kansa gani na hatua gani, halimzungumzii mgonjwa wako. Hili ndilo chekeche ninaloliamini kuliko yote, maana linaondoa takataka nyingi kabla hata hujauliza mwandishi ni nani.

Linafanya kazi hata kwenye kurasa nzuri. Watu wengi wakishapewa majibu hospitali, usiku wanaingia Google kutafuta mgonjwa ataishi muda gani. Wanakutana na asilimia ya waliokuwa hai baada ya miaka 5, wanaishiwa nguvu.

Namba hizo ni za kweli, lakini ni wastani wa maelfu ya watu, mara nyingi wa Marekani au Ulaya, waliogunduliwa miaka mingi iliyopita. Lazima iwe hivyo, kwa sababu ili uhesabu miaka 5 ni lazima kwanza ipite. Wakati mwingine hatua zote zimechanganywa humo. Hazimtabirii mtu mmoja, na mwenye kuweza kuzitafsiri ni daktari aliyeshika faili lake.

Uongo una wapenzi wengi

Mwaka 2021 jarida la Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani lilichapisha utafiti wa makala 200 zilizopendwa zaidi mitandaoni kuhusu saratani ya matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana. Wataalamu walizisoma moja moja. Takriban theluthi moja zilikuwa na taarifa za uongo, na nyingi kati ya hizo zingeweza kumdhuru mgonjwa.

Kibaya zaidi, zile za uongo ndizo zilizopata mwitikio mkubwa kuliko za kweli. Kwa hiyo wingi wa likes haukuambii chochote. Kwenye WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mingi na aliyekutumia siye aliyeuandika.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Taarifa bora, kama za Shirika la Afya Duniani (WHO), American Cancer Society au Cancer Research UK, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Tangazo la dawa ya unga linakuja kwa Kiswahili kitamu, na shuhuda analia, na unaambiwa mzigo unatumwa mpaka mkoani. Maelezo ya ugonjwa yakiishia kwenye namba ya kutuma pesa, hapo hukuwa unasoma habari. Ulikuwa dukani.

Mimea siyo adui

Kuna ua dogo la waridi au jeupe, asili yake Madagaska, linalopandwa sana kwenye bustani. Kutoka kwenye mmea huo zilipatikana vinkristini na vinblastini, dawa zinazotumika hospitalini mpaka leo, zikiwemo tiba za saratani za watoto. Tofauti ni kipimo. Dawa hizo zikizidi kidogo ni sumu, ndiyo maana hakuna anayezichemsha jikoni.

Hatari kubwa ya tiba za mtandaoni mara nyingi siyo kile kikombe chenyewe, ni muda unaopotea. Utafiti wa mwaka 2018 Marekani uliangalia wagonjwa 281 wenye saratani ambayo haikuwa imesambaa mbali, waliochagua tiba mbadala peke yake. Hatari yao ya kufariki ilikuwa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa hospitali. Kwa saratani ya titi ilizidi mara 5.

Wanaokumbuka foleni za Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kwenye kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, wanajua jambo hili halikuanza na simu janja. Simu imefupisha foleni tu.

Vipi kuhusu akili mnemba?

Utafiti uliotoka mwaka 2023 kwenye jarida la JAMA Oncology uliiuliza ChatGPT ya wakati ule kuhusu matibabu ya saratani. Karibu theluthi moja ya majibu yalikuwa na angalau pendekezo moja lisiloendana na miongozo ya kitaalamu. Kosa lilikaa katikati ya maelezo sahihi, kwa lugha ileile ya kujiamini, na mtu asiye mtaalamu angepata shida kulitofautisha. Itumie kukufafanulia neno gumu kwenye karatasi ya majibu. Usiitumie kuchagua dawa.

Shangazi ametuma ujumbe, umjibu nini?

Usigombane naye, ametuma kwa upendo. "Asante shangazi, nimeuona, nitamwonyesha daktari" inatosha. Halafu umwonyeshe kweli. Kliniki ni mahali pazuri pa kutoa simu na kuuliza.

Na kama mgonjwa tayari anakunywa mitishamba, sema. Baadhi huchezea namna ini linavyoshughulikia dawa za kansa, na daktari asiyejua atahangaika kutafuta kwa nini damu imeshuka. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ina ukurasa wa bure uitwao About Herbs unaochambua mmea mmoja mmoja. Ni wa Kiingereza, lakini kijana wa nyumbani anaweza kuwasomea. Stafeli limo, kwa jina la graviola.

Ukienda kliniki, iwe Ocean Road, Bugando au KCMC, omba nakala ya majibu ya kipimo cha kinyama na uipige picha. Aina ya saratani imeandikwa humo. Hatua muulize daktari, uiandike pembeni.