Kura ya mwanamke na kiti cha Bunge

Katika makutano ya barabara za Jane na Finch, kaskazini-magharibi mwa Toronto, waliko wahamiaji wengi wa Karibea na Afrika, mbunge mwanamke si jambo geni. Judy Sgro alilitwaa jimbo la huko, wakati huo likiitwa York West, katika uchaguzi mdogo wa mwaka 1999.

Kura ilipatikana mapema, kiti kikachelewa. Wanawake wa Kanada waliruhusiwa kupiga kura ya Bunge la shirikisho mwaka 1918, ijapokuwa wengi wa wenyeji wa asili, wake kwa waume, walisubiri hadi 1960. Agnes Macphail alichaguliwa mbunge mwaka 1921. Mwanamke mweusi wa kwanza, Jean Augustine, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, alifuata mwaka 1993. Miaka 72, na hakuna aliyeona haya! Mwaka 2004, upande wa pili wa jiji, Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika, akawa mbunge wa kwanza mwanamke Mwislamu.

Hata leo, mama mhamiaji wa Jane na Finch asiye na uraia hulipa kodi, lakini hana kura ya kumchagua mbunge wala diwani.