Mizania: sheria zilizozaliwa na hasara

Juni 1878, wakurugenzi wa City of Glasgow Bank ya Uskoti walitangaza gawio la asilimia 12. Oktoba mwaka huohuo benki ikafunga milango. Mikopo isiyolipika ilikuwa imefichwa ndani ya hesabu zilizopikwa. Kwa kuwa dhima ya wanahisa haikuwa na kikomo, kwa kila hisa ya pauni 100 mwenye nayo alidaiwa pauni 2,750. Wengi walifilisika. Wakurugenzi na meneja walifungwa jela mwaka 1879.

Msiba huo ulikuta sheria imelegezwa. Mwaka 1844 Bunge la Uingereza liliziagiza kampuni zilizosajiliwa kutunza vitabu, kuandaa mizania na kuteua wakaguzi wa hesabu. Mwaka 1856 likaondoa ulazima huo, likawaachia wanahisa na wakurugenzi wapatane wenyewe. Baada ya Glasgow, sheria ya 1879 ilizitaka benki zilizosajiliwa upya kwa dhima yenye kikomo zikaguliwe kila mwaka. Kampuni nyingine zilisubiri hadi 1900.

Hata hivyo, mkaguzi peke yake hakutosha. Kampuni ya meli ya Royal Mail ilionyesha faida katika hesabu za 1926 na 1927, kumbe biashara ilikuwa ikila hasara na pengo likizibwa kwa akiba za siri. Mwaka 1931 mwenyekiti wake, Lord Kylsant, na mkaguzi walishtakiwa London. Kuhusu hesabu hizo waliachiwa wote wawili, maana uficho huo ulikuwa desturi. Kylsant alifungwa kwa waraka wa uongo wa kuwavutia wawekezaji. Sheria ya 1948 ndiyo iliyodai hesabu zioneshe hali ya kampuni kwa ukweli na haki.

Sheria hiyo ilifika kwetu. Kenya iliifuata kwa karibu katika Sura ya 486, hadi ilipotunga sheria mpya mwaka 2015. Sheria ya Kampuni ya Tanzania ya 2002 ilianza kutumika 2006. Nchi zote mbili zinawataka wakurugenzi watunze kumbukumbu za hesabu na kuwajibika kwa taarifa za fedha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia inaongeza kwamba daftari la uongo hupoteza mali ya watu wasioliona. Mkurugenzi anayelalamikia usumbufu wa taarifa za mwaka akumbuke kwamba fedha anazozisimamia si zake, na wenye fedha wana haki ya kuambiwa kweli mapema.