Mzigo wa Kichwani na Mzigo wa Garini

Mwenye kutembea kutoka Posta hadi Kariakoo, mjini Dar es Salaam, apita juu ya historia ya mzigo. Pale Posta imesimama Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Mtu wa shaba ameshika bunduki, lakini maandishi yaliyo chini yake yawataja pia wapagazi. Nalo jina la Kariakoo ni lao hao: ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Sisi tunaopenda malori na matrekta ya kale hupenda kuzungumza juu ya injini na ngurumo zake. Yafaa tuanze na wapagazi. Magari mepesi ya Ford yaliletwa katika vita ile, lakini mvua za mwaka 1917 zilipofurisha Rufiji, magurudumu yalizama matopeni. Ng'ombe na nyumbu waliangamizwa na maradhi ya mbung'o. Ukabaki utosi wa binadamu, na makumi ya maelfu ya wapagazi wakafa kwa njaa, kuhara na malaria. Lori lililokuja baadaye likaweza kupita, hata kwa kukohoa na kufuka moshi, lilimtua mtu mzigo huo. Hiyo ndiyo sababu yetu ya kulipenda; rangi na umbo ni ziada.

Hata hivyo mashine si malaika. Mwaka 1947 Uingereza ilipoanzisha mpango wake wa karanga, bandari ya Dar es Salaam ilisongwa na matrekta na matingatinga, mengi yakiwa masazo ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakitoka hata Ufilipino. Kampuni ya Vickers ilitengeneza trekta kutokana na kifaru cha Sherman, likaitwa Shervick. Fikiri, msomaji: kifaru kilime karanga! Huko Kongwa ardhi ilikauka ikawa kama tofali, mchanga wake ukazila ncha za majembe, na mashine zilizokwisha kuchoka vitani zikavunjika moja baada ya moja. Mwaka 1951 mpango uliachwa, mamilioni ya pauni yamekwisha kuteketea. Waafrika waliofundishwa udereva na ufundi huko walibaki na kazi yao mikononi.

Katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wageni hutazama Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Nyerere. Ni haki ihifadhiwe. Lakini twatamani kuona kando yake lori la magunia, pamoja na gogo ambalo utingo alilitia nyuma ya gurudumu mlimani, kabla mafundi wa chuma chakavu hawajalimaliza lote.

Tena mwanafunzi aonyeshwe chuma kilichopindwa, kilichochomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa mkono ili iwake. Kidole gumba kilipaswa kukaa upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha pigo ghafla, chuma hicho huvunja mkono wa aliyekikumbatia.