JINA MOJA, WATU WAWILI: Historia Fupi ya Majina Yetu

Wenzangu wa kamati wameandika habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Mimi nimeombwa niandike historia. Nimechagua historia ya majina, kwa sababu jina ndilo lililotaka kukivunja kikundi hiki.

Mwaka wa tatu tulikuwa na akina mama wawili wenye jina moja, lao na la baba. Siwataji, ingawa hata nikiwataja msingejua namsema yupi. Siku ya mgao mmoja alipata fedha pungufu, mwenzake zikazidi. Yule wa pungufu alilia mbele ya watu, akasema ameibiwa. Yule mwingine hakuiba. Hajui kusoma, alipokea alichohesabiwa, na siku mbili baadaye akanunua bati nne. Tulipofungua vitabu tukakuta mihuri ya wiki saba imegongwa kwenye kitabu kisicho chake. Siku hizo mimi ndiye niliyekuwa naita majina, naita bila kuangalia nani ameitika. Kosa lilikuwa langu, na leo naliandika ili lisifichwe.

Sasa tujiulize, kwa nini majina yetu yanafanana hivi? Sababu ya kwanza ni desturi. Huku Kusini mtoto hupewa jina la babu au la bibi, ili jina la mzee lisipotee. Mwenye jina kama lako ni somo wako. Hata jina la Somoe, ambalo wanawake wengi wa Lindi na Mtwara wanalo, maana yake ni somo wake. Lakini angalieni hesabu yake. Mzee Saidi Hamisi akipata mtoto wa kiume anamwita Hamisi, kumheshimu baba yake. Mtoto huyo ni Hamisi Saidi. Naye akizaa anamwita wake Saidi, basi amekuwa Saidi Hamisi. Babu na mjukuu wamekuwa mtu mmoja kwenye karatasi! Na ukiongeza jina la tatu haisaidii, maana ni Saidi yuleyule anarudi.

Zamani jambo hili halikuwa na taabu. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde walitambuana kwa ukoo wa mama. Tena jina la mtu lilikuwa linabadilika. Aliyetoka jandoni au unyagoni alipata jina jipya, na kumwita mtu mzima kwa jina lake la utoto ilikuwa ni kumtukana. Mwanamke akizaa akawa Mama Fulani. Watu walikaa na jamaa zao katika vitongoji, kila mmoja anajulikana.

Taabu ilikuja na karatasi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza nao wakaendelea na kodi zao. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaja mradi wa karanga wa Nachingwea, watu wakatoka mbali kutafuta kazi, na majina yakazidi kukutana. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976. Vitongoji vilivyokuwa mbalimbali vikakusanywa kijiji kimoja. Balozi wa nyumba kumi akiita jina, wanaitika watatu.

Wazee wanakumbuka kodi ya maendeleo, iliyoanza mwaka 1984 na kufutwa mwaka 2003. Wakati ule mtu akiwa na somo wake aliyelipa alikuwa na bahati, stakabadhi moja inaweza kutembea kwa watu wawili! Tunacheka, lakini jambo hilohilo likija kwenye akiba ya mama mjane si la kuchekesha tena.

Katika karatasi zote hizo mtu aliandikwa kwa baba yake. Upande wa mama, ambao bibi zetu waliutumia kutambuana, haukuonekana. Hilo ndilo alilotukumbusha mwanachama wetu mmoja mzee katika mkutano ule wa ugomvi. Alisema, "Mnabishana bure. Waulizeni mama zao ni akina nani." Tukauliza, na palepale wakawa watu wawili.

Tangu siku hiyo daftari letu lina jina la mwanachama, la baba, na la mama yake. Kila mmoja ana namba ya kikundi, na tunaita namba kwanza. Wenye kitambulisho cha Taifa tunaandika pia namba yake yenye tarakimu ishirini, maana hiyo hawagawani watu wawili. Nawaomba pia mnaotumiana fedha kwa simu msiridhike na jina linalotokea. Somo wako naye ana jina hilohilo. Hakikisheni namba kabla hamjabonyeza.

Yule mama wa bati alirudisha fedha zote baada ya kuuza ufuta. Mwenzake alikuwa ameshajitoa, akakaa nje mwaka mzima, nikamfuata nyumbani mara tatu kumwomba radhi ndipo akarudi. Mpaka leo hawakai mkeka mmoja. Lakini wote wawili wamo, na kila mmoja ana kitabu chake na kilichomo ni chake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na daftari bila jina la mama halijakamilika. Akina mama, tuwarithishe wajukuu majina ya wazee wetu, ni heshima. Ila tuyaandike vizuri.



Mwenyekiti wenu