Dishi la Juu ya Paa: Jinsi Chombo cha Kusikiliza Kilivyopata Kusema

Mwalimu wa darasa ashike chaki, kwa maana leo tuna hesabu moja ya kuandika ubaoni.

Bila shaka mmeona juu ya mapaa ya nyumba chombo kilichopinda kama ungo. Wengine hukiita dishi, na wengine hukiita ungo hasa. Kazi yake ni kupokea picha za televisheni kutoka satelaiti. Hupokea tu, hakitumi hata neno moja. Kinafanana na mtu ajuaye kusoma lakini hajui kuandika. Leo tutajifunza jinsi watu wasiolipwa mshahara walivyokipa kazi nyingine, mpaka kikapata kusema.

Tuanze mwaka 1975. Mwaka huo Marekani iliiazima India satelaiti iitwayo ATS-6. Iliwekwa juu ya ikweta, nyuzi 35 mashariki, yaani juu ya upande wa magharibi wa Kenya. Kutoka huko, kiasi cha kilometa 36,000 juu, ilipeleka mafunzo ya kilimo, afya na shule katika vijiji kama 2,400 vya India. Madishi ya vijiji hivyo yalikuwa ya wavu wa kufugia kuku, upana wake meta 3.

Lakini mawimbi hayachagui msikilizaji. Huko Sheffield, Uingereza, fundi Stephen Birkill alijitengenezea mtambo, akaziona nyumbani kwake picha zile zilizopelekwa India. Mwaka 1976 Taylor Howard, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipokea nyumbani kwake California picha za satelaiti za Marekani. Watu hawa walionyesha kwamba mtu mmoja aweza kufanya nyumbani kazi iliyodhaniwa kuwa ya serikali na makampuni tu.

Wafanya biashara wakaona faida. Desemba 1988 satelaiti Astra 1A ilirushwa kwa ajili ya Ulaya, na mahali pengi dishi la sentimita 60 likatosha kuipokea. Viwanda vikatengeneza vichwa vya dishi kwa mamilioni. Kichwa ni kile kifaa kidogo kilicho mwisho wa mkono wa dishi. Mafundi hukiita LNB. Bei yake ikashuka sana.

Sasa tuwatazame watu wa redio ya ridhaa. Hawa hufanya mtihani, hupewa leseni, kisha huzungumza na wenzao wa nchi nyingine kwa mitambo yao wenyewe. Hawaruhusiwi kuifanya biashara. Moja ya nafasi walizogawiwa hewani ni kati ya megahezi 10,000 na 10,500. Mawimbi ya hapo ni mafupi sana, urefu wake kama sentimita 3. Zamani, aliyetaka kuyapokea alikata na kuunganisha mabomba ya shaba kwa mikono yake, na vipande vingine vilikuwa ghali. Kwa hiyo waliojaribu walikuwa wachache.

Televisheni ya satelaiti huanza kwenye megahezi 10,700. Tazameni jinsi mashamba haya mawili yalivyo jirani! Watu wa ridhaa waliona kwamba kichwa kilichotengenezwa kwa televisheni husikia pia ng'ambo ya mpaka. Chombo ambacho zamani kingewachukua miezi kukitengeneza, sasa walikinunua dukani, au walikichukua kwenye dishi lililoachwa na mwenyewe.

Tangu mwaka 1961 watu hawa walikuwa na satelaiti zao ndogo, lakini nyingi zilipita upesi, kwa dakika chache tu. Basi tarehe 15 Novemba 2018 nchi ya Qatar ilirusha satelaiti ya televisheni iitwayo Es'hail-2, na ndani yake ikawekwa sehemu ya redio ya ridhaa. Nayo haipiti. Imekaa karibu na nyuzi 26 mashariki, juu ya Kongo, si mbali na Kisangani. Sauti yake huenea Afrika yote na Ulaya, na hufika Brazili upande mmoja na India upande mwingine.

Sasa hesabu. Sauti ya satelaiti hii hushuka kwenye megahezi 10,490 hivi. Wimbi la namna hiyo hupotea upesi katika waya wa kawaida. Kwa hiyo kichwa cha dishi hutoa 9,750. Andikeni: 10,490 toa 9,750, inabaki 740. Wimbi la 740 hupita katika waya bila shida, na kifaa kidogo cha kupokelea televisheni, kinachochomekwa kwenye kompyuta, huweza kulisikia.

Palikuwa na tatizo moja. Jua likiwaka, ile 9,750 husogea kidogo. Picha ya televisheni huchukua nafasi pana, haidhuriki. Lakini sauti ya mtu mmoja ni nyembamba. Ikisogea kidogo tu, hupotea. Basi wakafungua vichwa hivyo, wakavipa kipima masafa kilicho imara zaidi.

Je, kutuma? Satelaiti hii husikiliza kwenye megahezi 2,400, jirani na intaneti isiyo na waya. Wakachukua vikuza nguvu vya intaneti hiyo, wakaweka antena ya pili mbele ya dishi lile lile. Hapo dishi likapata ulimi. Kumbukeni lakini: kutuma bila leseni ni kosa, kwa sababu hewa ni ya wote na anayevuruga huwaziba wengine midomo.

Ndugu wanafunzi, dishi halikubadilika umbo. Lililobadilika ni ujuzi wa mwenye nalo. Wengi hutuuzia vyombo vya kupokea. Kusema ni lazima tujifunze wenyewe. Ndiyo sababu katika darasa hili hatuishii kusoma. Tunaandika pia.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Madishi ya vijiji vya India yalitengenezwa kwa kitu gani?
2. Kwa nini kichwa cha televisheni kiliwafaa watu wa ridhaa?
3. Wimbi la megahezi 10,495 likiingia katika kichwa cha dishi, litatoka likiwa la ngapi?
4. Andika barua fupi kwa jirani yako, umweleze tofauti ya kupokea na kutuma.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.