Maonyesho ya Ajira: Usiende Mikono Mitupu, Usirudi Mikono Mitupu

Kila yanapotangazwa maonyesho ya ajira hapa Mombasa, Kilifi au Kwale, vijana wetu huamka alfajiri wakapanga foleni na bahasha za kaki mkononi. Jioni wengi hurudi na vipeperushi, kalamu ya bure na lalamiko lile lile: "Wameshajuana hao." Lalamiko hilo lina ukweli wake. Lakini wako pia wanaokwenda bila kujua maonyesho haya ni ya nini.

Tuelewane kwanza. Ni waajiri wachache wanaoajiri siku hiyo hiyo. Wengi huja kukusanya majina na kuchuja watu wa kuwaita baadaye. Basi lengo lako ni kuondoka ukiwa unakumbukwa, na ukijua hatua inayofuata.

Kabla ya siku

Tafuta orodha ya waajiri watakaokuwepo, uchague watano au sita. Aliyesomea ubaharia asipoteze saa nzima kwenye meza ya benki ilhali kampuni ya meli iko pembeni. Aliyesomea upishi aanze na mahoteli ya Diani, Nyali na Watamu.

Wasifukazi wa kurasa mbili watosha. Toa nakala kumi. Kazi uliyofanya bila barua ya ajira nayo ni kazi: kusimamia duka la baba, kuendesha tuktuk, kuweka hesabu za chama, kusomesha madrasa. Iandike, na useme ulifanya nini hasa.

Usikimbilie kulipia vyeti. Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti kama vya HELB, EACC na CRB ila pale anapokusudia kumpa mkataba. Pesa hizo zibaki kwenye nauli.

Siku yenyewe

Fika mapema, kabla wenye meza hawajachoka. Nenda mezani peke yako, si na kundi la marafiki. Uwe na maneno ya nusu dakika: jina lako, ulichosomea, ulichowahi kufanya na unachotafuta. Kisha uliza: Mnajaza nafasi gani miezi hii? Maombi yapelekwe wapi? Nimwandikie nani? Majibu yaandike papo hapo, maana baada ya meza ya nne yote huchanganyika.

Dada mwenye hijabu asiivue kwa hofu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa dini yake, wakati wa kuajiri na hata baada ya kuajiriwa.

Meza za kazi za ng'ambo

Hapa ndipo familia nyingi za Pwani zilipoumia. Wakala akikuahidi kazi Saudia, Qatar au Imarati, chukua jina la kampuni yake na ulitafute katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kuwa na meza na bango ukumbini si ithibati ya usajili. Usiache pasipoti mezani, wala usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Mkataba wa kazi ya nje kisheria huwa umeandikwa na kuthibitishwa na afisa wa leba. Usome wote, pamoja na mzazi au mtu unayemwamini, kabla ya kutia sahihi. Anayekuharakisha usiusome, muogope.

Baada ya kurudi

Ndani ya siku mbili, waandikie wale uliozungumza nao. Taja mlikutana wapi na mlizungumza nini, uambatishe wasifukazi. Wengi hawafanyi hivi, na ndiyo maana anayefanya huonekana. Kukiwa kimya kwa wiki mbili, piga simu mara moja kwa adabu.

Na nyinyi waandalizi, nanyi mna deni. Kila baada ya maonyesho tunaoneshwa picha za viongozi wakihutubia. Baada ya miezi mitatu tuambieni pia: waliohudhuria ni wangapi, walioitwa ni wangapi, na walioandikwa kazi ni wangapi? Kijana aliyekopa nauli kutoka Lunga Lunga ana haki ya kujua kama safari yake ina maana.