Ujira wa Mtawala katika Njia ya Tabora

Ujira wa mtawala ni jambo dogo likipimwa kwa fedha, lakini ni kubwa likipimwa kwa utii, kwa kuwa mtu humwelekea amlipaye. Historia ya Tabora yashuhudia neno hili.

Zamani mtemi wa Unyanyembe hakuwa na mshahara. Raia walimlimia mashamba, na wawindaji walimtolea sehemu ya pembe za ndovu. Naye alitazamiwa kutoa, maana ghala yake ilikuwa tegemeo la watu wakati wa njaa. Katika njia ya Bagamoyo hata Ujiji, watawala wengi waliitoza misafara hongo, ambayo kiasi chake kilikatwa kwa mashauri marefu, mbele ya wapagazi na wenyeji. Lakini Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, alipowatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, walimwondoa kwa bunduki yapata 1860, wakamtawaza Mkasiwa.

Waingereza walileta utaratibu mwingine katika miaka ya 1920. Michango ya kale iligeuzwa kuwa fedha, ikaunganishwa na kodi, na watemi wakapewa mshahara katika hazina za wenyeji. Dhuluma nyingine zilipungua. Walakini jicho la mtemi, lililokuwa likiwatazama raia, liligeukia Boma. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria.

Januari 1958, mjini Tabora, TANU iliamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu. Kiti cha mwakilishi kikaanza kutoka mikononi mwa wapiga kura. Na ujira wake je? Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 73, yasema mbunge atalipwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge; yaani mlipwaji ndiye mpangaji. Nchini Kenya, wananchi waliipitisha kwa kura ya maoni, tarehe 4 Agosti 2010, katiba iliyoikabidhi kazi hiyo Tume ya Mishahara na Marupurupu. Mwaka 2013 wabunge wapya waliipinga tume hiyo, wakidai nyongeza. Basi kura moja haikumaliza shauri.

Hongo ilikuwa jina la ada iliyojadiliwa hadharani. Leo ni jina la rushwa itolewayo gizani. Malipo ya mtawala yakiondolewa machoni pa walipaji, hata jina lake huharibika. Kwa hiyo anayestahili kuulizwa kwanza juu ya ujira wa mbunge ni yule alipaye kodi.